Umebadilisha breki nyumbani, sasa gari linatetemeka au linalia: pa kuanzia

Nilibadilisha diski na pedi za mbele za Toyota IST yangu nikiwa uani, Jumamosi moja, kazi ya masaa matatu. Wiki iliyofuata nikasafiri Iringa. Kwenda hapakuwa na neno. Wakati wa kurudi Dar, nikishuka Kitonga nyuma ya malori, nilikanyaga breki karibu mteremko mzima, na foleni iliposimama pale chini nikaendelea kukandamiza pedeli dakika kadhaa huku harufu ya breki ikiingia ndani. Kuanzia Ruaha Mbuyuni, kila nilipopunguza mwendo kutoka 80, usukani ulicheza mikononi. Fundi wa kwanza aliyeliendesha alisema diski zimepinda, ninunue nyingine. Sikununua. Nilizifungua, nikakuta doa jeusi lenye umbo la pedi kwenye uso wa diski, na nyuma yake, kwenye habu (kitovu ambacho diski na tairi hufungwa juu yake), kutu ambayo sikuwa nimeisafisha. Diski zilezile bado ziko kwenye gari.

Mtu akibadilisha breki mwenyewe halafu gari likaanza kulia, wazo la kwanza huwa "spea feki", la pili "diski zimepinda", na yote mawili yanaishia dukani. Spea mbovu zipo, sikatai. Lakini mara nyingi kosa halimo ndani ya spea. Limo pale vitu viwili vinapokutana: diski na habu, pedi na reli zake, pini na matundu yake, nati na rimu. Hapo ndipo mikono yako ilipopita, na hapo ndipo pa kutazama kabla ya kutoa hela tena.

Haya yanahusu gari dogo la kawaida lenye diski mbele na dramu nyuma: IST, Vitz, Probox na ndugu zao.

Kwanza: je, gari liendeshwe au lisiendeshwe?

Usiliwashe kwenda kulijaribu barabarani ikiwa pedeli inazama taratibu ukiikanyaga, ikiwa kuna mafuta ya breki yanayovuja, ikiwa tairi moja linatoa moshi, ikiwa unasikia chuma kinasaga chuma, au ikiwa kuna mlio wa kugonga wa "ko, ko, ko" unaoongezeka kadiri unavyokwenda. Huo wa mwisho mara nyingi ni nati za tairi zilizolegea. Simama, zikaze, ndipo uendelee na mengine.

Na kama ndiyo kwanza umemaliza kufunga, pampu pedeli mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja. Ulipozirudisha pistoni ndani ya kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) ili pedi mpya ziingie, uliacha nafasi. Kanyago la kwanza halishiki kitu. Kuna watu wamegonga ukuta wa nyumba yao wenyewe kwa sababu hiyo.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kushika jeki

Chukua gari kwenye barabara iliyonyooka, isiyo na watu, asubuhi mapema. Zima redio, fungua vioo. Unatafuta jibu la swali moja: tatizo linakuja ukikanyaga breki, au lipo muda wote?

Likiwa lipo muda wote na linakua na mwendo hata usipogusa breki, usianze na diski. Anza na tairi: halikukaa sawa kwenye habu, nati hazikukazwa kwa usawa, au jiwe dogo la balansi lilidondoka ulipokuwa unaviringisha tairi uani. Mvumo mzito unaobadilika ukikata kona kulia au kushoto ni wa beringi, na huenda ulikuwepo kabla, ila sasa umetega sikio.

Likija ukikanyaga tu, tazama linafika wapi mwilini. Likitikisa usukani, tatizo liko mbele. Ukilisikia kwenye kiti na pedeli huku usukani umetulia, tazama dramu za nyuma. Kuna njia ya kuhakikisha: kwenye barabara kavu na tupu, kwa mwendo wa 40, bonyeza kitufe cha breki ya mkono na usikiachie, kisha uivute kidogo kidogo. Breki hiyo inashika nyuma pekee. Mtetemo ukijitokeza, umepata upande. Usiivute kwa nguvu wala usijaribu kwenye mvua au vumbi, matairi ya nyuma yakifunga gari linageuka.

Pedeli ikikupiga miguuni kwa haraka sana, kama inayorusha vipigo, na ikafanya hivyo pale tu unapokanyaga kwa nguvu kwenye utelezi au changarawe, hiyo ni ABS, mfumo wa kuzuia matairi yasifunge, inafanya kazi yake. Iache.

Hatua ya 2: Pima joto

Endesha kama dakika kumi ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, kisha egesha bila kukanyaga kwa nguvu. Sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Za mbele mbili zinatakiwa zilingane. Moja ikiwa inaunguza na nyingine vuguvugu, upande wenye moto haujaachia. Ukiwa na shaka, nyunyiza matone ya maji kwa vidole kwenye diski, upande unaochemsha maji ndio huo. Usimwage kikombe kizima: chuma cha moto kikipoa ghafla kinaweza kupinda au kupasuka.

Breki isiyoachia huzaa karibu kila malalamiko: kulia, kunuka, gari kuvuta upande mmoja, na mtetemo unaoanza baada ya dakika ishirini za safari. Kwa hiyo usiruke hatua hii.

Hatua ya 3: Nati

Legeza nati zote gari likiwa chini, zikaze tena kwa msalaba, kidogo kidogo, mizunguko miwili au mitatu. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo ni 103 Nm. Kama huna spana ya kipimo, hesabu hivi: kwa mpini wa sentimita 30, hiyo ni sawa na kuusukuma kwa uzito wa kilo 35 hivi. Mtu mzima akipanda juu ya wili spana kwa mguu na kurukaruka, amezidisha mara mbili na zaidi. Diski imebanwa katikati ya rimu na habu kwa nati hizohizo. Nati moja ikikazwa kupita wenzake, diski inavutwa upande, na mtetemo unaanza bila kosa lolote la diski yenyewe.

Nimeona magari mawili yakipona kwa hatua hii peke yake.

Hatua ya 4: Inua, zungusha kwa mkono

Zuia matairi ya nyuma kwa mawe au magogo, inua mbele, weka stendi. Gari lisibaki juu ya jeki peke yake wewe ukiwa unashika chini yake, hata kama ni kwa dakika mbili. Vua tairi, rudisha nati mbili au tatu ili diski ibaki imebanwa kwenye habu, mwambie mtu akanyage breki na kuachia, kisha zungusha diski kwa mkono.

Mkwaruzo mwepesi, wa "shii" laini, ni wa kawaida. Diski isipozunguka, au ikazunguka kwa kushindana nawe, chukua spana na ufungue kidogo nati ya kutolea upepo kwenye kalipa huku chombo kikiwa tayari chini. Diski ikiachia mara moja, presha ilikuwa imenasa kwenye mafuta. Tazama ile paipu ya mpira. Kama kalipa ulikuwa umeiacha ining'inie kwa paipu hiyo wakati wa kazi, huenda imechanika kwa ndani na sasa inapitisha mafuta yakienda, hairuhusu yakirudi. Ukifungua na diski ikabaki ngumu, tatizo ni pistoni au pini za kalipa. Funga nati, pampu pedeli, na kama hewa imeingia, toa upepo kabla gari halijarudi barabarani.

Hatua ya 5: Fungua, tazama jinsi ulivyofunga

Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Baadhi ya pedi bado zina asbesto, na asbesto ikishaingia kwenye mapafu haitoki. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa. Petroli nayo iache: inaacha mafuta kwenye diski, na kando ya breki ya moto ni hatari.

Anza na pedi. Je, upande wa nyuzi, ule unaosuguana na diski, ndio unaoitazama? Swali linaonekana la kitoto, lakini pedi iliyogeuzwa huwa inatokea, hasa ya ndani isiyoonekana vizuri, na sauti yake ni ya chuma kusaga chuma tangu mita ya kwanza. Kisha tafuta kile kichuma chembamba kilichokunjwa pembeni mwa pedi, cha kulia pedi zikiisha. Mara nyingi kipo kwenye pedi ya ndani. Ukibadilishana pedi kimakosa au kikijikunja wakati wa kufunga, kinagusa diski leo badala ya mwakani, na kinalia kama filimbi gari likiwa kwenye mwendo.

Halafu tazama bati jembamba la nyuma ya pedi, shimu. Pedi mpya zikija bila shimu na wewe ukatupa zile za zamani, pedi inatetemeka juu ya pistoni na inalia ukikanyaga kwa upole, hasa unapokaribia kusimama. Kama za zamani zilikuwa nzima, zisafishe, uzirudishe. Vivyo hivyo kwa zile klipu za bati kwenye mabano ambamo masikio ya pedi yanateleza. Bila klipu, au zikiwa zimelegea, utasikia "tak" moja unapokanyaga mara ya kwanza baada ya kurudi rivasi: pedi imehama kutoka ncha moja ya reli kwenda nyingine.

Chini ya klipu kuna jambo ambalo wengi hawaligusi. Kutu inakua pale na kuinua klipu, njia ya pedi inabana. Pedi mpya ikaingia kwa kugongwa na nyundo, ikakwama humo. Toa klipu, piga brashi ya waya mpaka chuma kionekane, rudisha. Pedi inatakiwa iteleze kwa kidole. Wanaoishi karibu na bahari wanajua kutu hii inavyokuja haraka.

Grisi inapakwa kidogo tu, kwenye masikio ya pedi na mgongoni panapogusa pistoni na kucha za kalipa. Iwe ya breki, inayostahimili joto. Ikigusa uso wa pedi hata kwa alama ya kidole, pedi hiyo itafanya vituko kwa muda mrefu.

Hatua ya 6: Pini za kalipa

Kalipa nyingi za Toyota zina pini mbili za kuteleza, na moja mara nyingi ina raba nchani. Hazibadilishani. Ukiwa unazitoa, kumbuka ya raba ilikuwa juu au chini. Ikiingia kwenye tundu la mwenzake, kalipa inabana, pedi moja inaisha upesi kuliko nyingine, na breki inalia.

Pini ikitoka ikiwa kavu au na ganda la kahawia, isafishe pamoja na tundu lake. Hapa ndipo grisi ya beringi inapoharibu kazi nzuri. Msingi wake ni mafuta ya madini, na mafuta hayo yanavimbisha raba za breki. Siku ya kwanza pini inateleza kama siagi, baada ya wiki kadhaa raba imevimba, pini haisogei. Tumia grisi ya silikoni au iliyoandikwa kuwa ni ya pini za breki.

Hatua ya 7: Diski na habu

Hapa nakuomba uwe mvumilivu, kwa sababu mitetemo mingi inaanzia hapa.

Kalipa inaelea. Diski ikiyumba kidogo kulia na kushoto, kalipa inaifuata, na dereva hasikii kitu. Kinachosikika ni tofauti ya unene: sehemu nene ya diski ikipita kati ya pedi inasukuma pistoni nyuma, pistoni inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pedeli. Tofauti ya milimita 0.02 inatosha kutikisa usukani. Tofauti hiyo inazaliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni diski inayoyumba: kila mzunguko inagusa pedi mahali palepale hata usipokanyaga, na kilomita elfu kadhaa baadaye pale pameliwa. Ndiyo maana mtu anafunga breki mwezi wa kwanza, gari linaanza kutetemeka mwezi wa tano, na hakumbuki tena alifanya nini. Ya pili ni pedi kuacha tabaka la nyuzi zake kwenye diski ya moto, sehemu moja zaidi ya nyingine. Kwangu mimi doa la Kitonga ndilo lililotikisa, kutu ya habu ingenifikia baadaye.

Diski inayumba kwa nini, na ni mpya? Kwa sababu haikukaa bapa. Chukua chembe ya kutu yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, iweke ukingoni mwa uso wa habu wenye upana wa sentimita 14. Diski yenye upana wa sentimita 25 ikibanwa juu yake, ukingo wake utayumba karibu mara mbili ya unene wa chembe. Kwa Toyota nyingi ndogo kikomo ni 0.05 milimita. Chembe moja imevuka kikomo mara tatu na zaidi.

Kabla ya kutoa diski, piga alama ya chaki kwenye stadi moja (bolti ya habu inayopokea nati ya tairi) na tundu lake. Ikikataa kutoka, usiipige nyundo usoni. Tazama matundu mawili yenye nyuzi katikati ya diski: ingiza bolti mbili za milimita 8, zile za spana namba 12, uzikaze kwa zamu, diski itajisukuma yenyewe. Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya na msasa, na kuzunguka kila stadi, maana kutu hujificha pale kama kola ndogo. Pitisha kidole. Ukisikia kipele, bado. Safisha pia ndani ya diski na nyuma ya rimu. Diski mpya ina mafuta ya kuzuia kutu, ioshe kwa sabuni na maji, uikaushe.

Ukiweza kuazima dayo geji, kipimo cha mshale cha kupima myumbo, banisha diski kwa nati zote, weka ncha ya geji karibu na ukingo wa nje, zungusha taratibu. Mshale ukizidi kikomo, toa diski, isogeze tundu moja mbele, pima tena. Kwa IST yenye stadi nne una nafasi nne za kujaribu, na mara nyingi moja itapunguza myumbo kwa kiasi kikubwa kwa sababu kosa dogo la diski na kosa dogo la habu yanafutana. Bila geji, funga waya mgumu kwenye kalipa, ncha yake iwe nywele moja kutoka kwenye diski, uangalie nafasi ikibadilika. Waya hautakupa namba, ila myumbo mkubwa utauona.

Doa la pedi nililiondoa kwa msasa namba 120, nikisugua kwa miduara mpaka uso mzima ukawa na rangi moja, pande zote mbili, nikasugua na pedi kidogo kuvunja ung'avu. Doa likirudi mahali palepale, chuma chenyewe kimegeuka kwa joto. Hapo peleka diski ikachongwe, au ibadilishe. Unene wa chini unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe. Ikishafika hapo haichongwi.

Kelele ndogondogo zinazobaki

Mkwaruzo wa bati, unaobadilika ukipita kwenye shimo: bati la kuzuia vumbi nyuma ya diski lilipinda ulipokuwa unapambana na bolti. Lirudishe kwa mkono. Wakati mwingine ni kokoto imenasa humo, rudisha gari rivasi kidogo inadondoka.

Pedi mpya juu ya diski ya zamani yenye ukingo ulioinuka zitapanda ukingo huo na kulia. Uondoe kwa tupa au kwa kuchonga.

Mlio wa asubuhi tu, unaoisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu, ni kutu ya umande na hewa ya chumvi juu ya diski. Hauhitaji kazi.

Ukiwa umegusa na nyuma, dramu inayolia "kwii" mara nyingi ina sehemu sita za bati la nyuma ambapo breki shuu zinateleza, nazo zimekauka. Grisi kidogo sana pale, isifike kwenye nyuzi. Dramu isiyo duara kamili ndiyo inayotikisa kiti.

Hatua ya 8: Kuzoesha pedi

Hii niliiruka mwenyewe kabla ya safari ya Iringa. Pedi mpya hazijaelewana na diski mpaka tabaka jembamba, sawasawa, liwe limehamia kwenye diski. Kama mtengenezaji ameandika maelekezo kwenye boksi, fuata hayo. Kama hakuna, nenda barabara tupu, fika 60, punguza mpaka 20 kwa nguvu ya kati bila kusimama kabisa, kisha nenda nusu kilomita bila breki ili zipoe. Fanya hivyo mara kumi. Malizia kwa dakika kumi za mwendo mwepesi. Breki zikiwa za moto, usisimame ukiwa umekandamiza pedeli: ukilazimika, ziache zishike kidogo tu, gari lisogee nusu hatua, au tumia breki ya mkono.

Kilomita za kwanza 200 au 300 epuka kubeba mzigo na miteremko mirefu. Na kwenye mteremko kama Kitonga, hata pedi zikiwa za zamani, weka gia ndogo tangu juu.

Ukimpelekea fundi

Usimwambie "breki zinasumbua". Mwambie: inatetemeka ikikanyagwa kutoka 80, usukani, si kiti, ya kulia mbele ina joto kuliko ya kushoto, habu nimesafisha, pini zinateleza, myumbo ni huu. Akikuambia diski zimepinda, mwombe azipime kwa maikromita sehemu nane kuzunguka diski, mbele yako, aandike namba kwa chaki pale alipopima. Ni kazi ya dakika tano.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza nati zote tena kwa msalaba, gari likiwa limepoa.